Kalipa ilisema 8, moto ukasema 6: ufa uliokataa puti kwenye boti ya faiba hapa Mwanza

Boti yenyewe ni ya kukusanya samaki, mita 9 na kidogo, faiba mwanzo mwisho, mashine ya nguvu za farasi 40 nyuma. Inatoka Kirumba na barafu, inaenda visiwani upande wa Ukerewe kupakia sangara, inarudi imelala chini kwa mzigo, na njia nzima inapigana na yale mawimbi yetu ya ziwa, mafupi, yamesimama, moja halijaisha lingine limeshafika, boti inadunda tu. Mwaka wa kwanza haikusumbua. Mwaka wa pili, msimu wa kusi, wakaipandisha nchi kavu kuosha tumbo wakakuta ufa. Umenyooka, urefu kama wa kiwiko mpaka vidoleni, uko nje, upande wa kulia mbele kidogo ya katikati, na unaenda sambamba kabisa na taruma la ndani, yaani ile mbavu inayoshikilia tumbo la boti. Fundi wa kwanza akachimba kidogo, akajaza puti ya magari, msasa, rangi, boti ikarudi majini. Miezi michache ufa huo tena. Akajaza tena. Safari hii ukarudi na mwenzake pembeni na ndani ya tumbo maji yakaanza kuonekana asubuhi wakati usiku lilikuwa kavu.

Hapo ndo nikaitwa. Tajiri, yaani mwenye boti, ni mtu mzima, tulisalimiana vizuri, shikamoo mzee, marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye hoja: "Kijana wangu, kuziba najua watu wataziba. Mi nataka kujua huu ufa utanifikisha lini? Namaliza msimu au simalizi?" Nililipenda hilo swali kwa sababu ndo lenyewe. Wengi wanauliza nizibe na nini, yeye ameuliza utabiri. Na kutabiri ufa kwenye faiba inawezekana, ila siyo kwa njia wanayotumia watu waliozoea mbao au chuma, na kisa hiki kinaonyesha vizuri kwa nini, ndo maana nakiandika chote.

Tuanze na kuusoma ufa ulivyokaa, maana umbo la ufa linasema mengi kabla hujashika kifaa chochote. Gelikoti, lile tabaka la nje kabisa linalong'aa na lisilo na nyuzi, ikigongwa na jiwe, na hapa kwetu mawe hayatafutwi, nyufa zinatawanyika kutoka pale palipogongwa au zinazunguka kwa miduara. Huu haukutawanyika. Mstari mmoja unaofuata taruma maana yake ni kupinda. Maji yanasukuma tumbo kwenda ndani, kile kipande cha tumbo kati ya taruma na taruma kinabonyea, lakini pale taruma lilipo hakiwezi kubonyea kwa hiyo kinakunjika kwenye ukingo. Ukipiga hesabu ya bamba lililobanwa pande mbili na kusukumwa sawasawa, kani ya kupinda pale kwenye ukingo ni mara mbili ya ile ya katikati, na pale ukingoni upande unaovutwa ni wa nje, ule unaogusa maji, wakati katikati unaovutwa ni wa ndani. Kwa hiyo ufa wa nje unaofuata taruma hauna cha ajabu, uko palepale fizikia inaposema utakuwepo. Cha kujiuliza ni kwa nini umetokea mwaka wa pili, kwa nini taruma hilo na siyo yale mengine, na kwa nini unarudi.

Nikachukua sarafu ya 200 nikaanza kugonga. Hiki kipimo watu wanakidharau sana na hawapaswi, hata kwenye ndege bado wanagonga. Faiba nzima inalia kali, ti, ti, ti. Tabaka zikiwa zimeachana inalia du, nzito, imekufa. Nikagonga kuanzia mbali nikisogelea ufa, kila sauti inapobadilika naweka alama ya chaki. Tulipomaliza kuunganisha alama tukapata umbo refu la yai, urefu sentimita 60 hivi na upana 12 pale palipo panene, na nyufa mbili zinazoonekana kwa macho ziko ndani yake zote. Nahodha aliyekuwa amesimama pale akanyamaza kabisa. Ufa unaouona una unene wa unywele, eneo lililoharibika ni upana wa kiganja na zaidi.

Hii ndo tofauti kubwa na chuma. Kwenye bamba la chuma ufa unaouona ndo ufa wenyewe, unapima urefu wake, unajua mkazo, yaani mzigo unaobebwa na kila kipande cha eneo, unatumia kanuni ya Paris (jina la mtu, siyo mji) ya mwaka 1963 ambayo inasema kila mzunguko wa mzigo unaongeza ufa kiasi fulani, unajumlisha mpaka urefu wa hatari, umemaliza. Faiba haina ufa mmoja. Ina familia nzima ya uharibifu inayofuatana na mwingi uko ndani usipouona.

Ngoja nieleze kidogo hiyo familia. Ndani ya ile faiba kuna vitu viwili visivyofanana hata kidogo: nyuzi za kioo cha aina ya E zenye ugumu wa gigapaskali 72 hivi (gigapaskali ni kipimo cha ugumu), na rezini ya poliesta, ile gundi inayoganda na kuzishika nyuzi, yenye 3 mpaka 4 tu. Wa kwanza kueleza vizuri kioo kinavyovunjika ni Griffith, Mwingereza aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, andiko lake lilitoka 1921. Alionyesha kwamba kioo kinavunjika chini kabisa ya nguvu ambayo kinadharia kingekuwa nayo kwa sababu ya vimikwaruzo vidogo, na kwamba ukikivuta kiwe uzi mwembamba sana nguvu inapanda mno. Akasema pia ufa hautembei mpaka nishati inayoachiliwa ukitembea itoshe kulipia uso mpya unaofunguka. Hayo mawili yanatosha kuelewa boti: nguvu iko kwenye uzi, na ufa ni biashara ya nishati. Sasa kwenye mati ile ya nyuzi zilizokatwakatwa, nyuzi zimelala kila upande. Zile zilizolala sambamba na mvuto zinabeba mzigo. Zile zilizolala kukatiza mvuto hazibebi mzigo wa maana, na zaidi zinaleta shida, kwa sababu rezini iliyobanwa kati ya uzi na uzi inalazimika kuvutika kuliko nyingine yote, mpaka inaachia uzi. Huko Nottingham, Owen na wenzake walipima mati na poliesta miaka ya 1960 na 1970 wakakuta kuachiana huku kwa uzi na rezini kunaanza kwenye kama asilimia 30 tu ya mzigo wa kuvunja, na rezini yenyewe inapasuka kwenye kama asilimia 70. Yaani boti inayopakia theluthi moja ya nguvu yake tayari ndani kuna kitu kinaanza kuachia, kimya kimya.

Halafu kuna jambo la kupinda kona. Ufa unaotoka kwenye rezini ukiingia ndani unakutana na tabaka la nyuzi, hauwezi kuzikata kirahisi, lakini mbele ya ncha yake kuna mvuto wa pembeni unaofungua ile sehemu dhaifu kati ya tabaka na tabaka. Cook na Gordon walilieleza hilo mwaka 1964: kama ule muungano ni dhaifu vya kutosha, kiasi cha moja ya tano ya nguvu ya kitu chenyewe au chini yake, unafunguka kabla ufa haujafika na ufa unageuka unaenda pembeni. Hii ni baraka kwa sababu boti haipasuki ghafla kama glasi, lakini ni hatari kwa sababu ufa unajificha. Unaacha kwenda ndani unaanza kutembea kati ya tabaka, juu huoni kitu, na unapotembea unaua ugumu. Chukua rimu ya karatasi ukunje, karatasi zinateleza na inakunjika kirahisi, zibandike zote kwa gundi haikunjiki tena, ingawa karatasi ni zilezile. Bamba la milimita 8 likiachana katikati linabaki na robo tu ya ugumu wake, kwa sababu ugumu wa kupinda unaenda na unene mara unene mara unene. Kwa hiyo lile yai la chaki la sentimita 60 lilikuwa linabonyea kuliko jirani zake kila wimbi, na puti, ambayo ni ngumu na haina uzi hata mmoja ndani, ilikuwa imewekwa juu ya kitu kinachochezacheza. Lazima ipasuke. Fundi yule hakukosea kuchanganya wala kupaka, alitibu mahali ambapo ugonjwa haupo.

Sasa kwa nini pale. Tajiri alikuwa na karatasi ya boti, inasema tumbo ni tabaka 8 za mati ya gramu 450, na mataruma kila nusu mita. Tabaka moja la mati hiyo likibanwa vizuri kwa rola linatoa karibu milimita moja, kwa hiyo 8. Tulikata kipande kidogo katikati ya lile yai, kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ikasema 8 na nukta kidogo. Mtu anaweza kuishia hapo akasema boti imejengwa sawa, labda rezini ilikuwa mbaya. Na hesabu za 8 zinatoka nzuri kabisa. Wimbi la kushindilia kwa boti hii nilikadiria kilopaskali 13 hivi, hiyo ni kama uzito wa maji ya kina cha mita 1.3 juu ya tumbo, na kwa nafasi ya nusu mita na unene wa milimita 8 mkazo pale ukingoni unakuwa megapaskali 25 (megapaskali moja ni kilopaskali elfu moja). Mati na poliesta ya kawaida inavunjika kwenye kama megapaskali 100. Robo. Salama.

Lakini kipande nilikitaka kwa ajili ya moto. Kipimo rasmi kinafanywa kwenye tanuri la maabara kwenye nyuzijoto 565, rezini inaungua yote, kioo kinabaki, unapima uzito. Tulitumia jiko la mkaa nje, upepo ukitupa moshi mbali na watu kwa sababu ule moshi si wa kuvuta, na bila kupuliza sana maana kioo cha E kinaanza kulegea karibu na nyuzijoto 840 na ukikiyeyusha umepoteza ushahidi. Rezini ilipoisha na kipande kupoa tukabaki na kitu cheupe laini kama vipande vya kitambaa vimepangwa, nikaanza kubandua kwa kibanio tabaka moja moja kuanzia ndani ya boti kuja nje. La kwanza zima. La pili zima. Mpaka la sita, zima. La saba likatoka vipande viwili, na kati yake nafasi ya kama sentimita moja hakuna uzi. La nane, lile la kwanza kabisa kutandikwa nyuma ya gelikoti, vilevile, vipande viwili, nafasi ileile, mstari uleule.

Kumbe wakati wa kujenga, roli za mati zilitandikwa kukatiza boti, upana wa roli ni kama mita moja, mataruma ni kila nusu mita, na ncha za mati kwenye tabaka mbili za nje hazikupandana, zilikutanishwa zikaacha upenyo, na tabaka la pili likakatiwa palepale lilipokatiwa la kwanza. Upenyo ukajaa rezini tupu. Juu kuna gelikoti, huoni. Kalipa inapima 8 kwa sababu rezini nayo ina unene. Na bahati mbaya ya mwisho, huo mstari ukaangukia palepale unapoishia mguu wa taruma, sehemu yenye kupinda kukubwa kuliko zote. Ungesogea sentimita 10 tu ungekuwa kwenye ile sehemu, kama asilimia 21 ya nafasi kutoka ukingoni, ambapo kupinda kunapita sifuri, na pengine boti hii nisingeijua.

Kwenye ule mstari tabaka zenye nyuzi ni 6 tu, kwa hiyo rudia hesabu kwa milimita 6. Mkazo wa kupinda unaenda kinyume na unene mara unene, kwa hiyo 25 inazidishwa na 8 kwa 6 mara 8 kwa 6, inakuwa 44. Milimita mbili tu zimepotea na mkazo umepanda karibu mara 1.8, na hapo sijahesabu ule ukali wa kona ya ule upenyo ambao unaongeza tena.

Sasa ingiza kuchoka, yaani kudhoofika kwa kupigwa mara nyingi. Mandell aliyepima sana vioo na rezini aliweka kanuni rahisi ambayo inashangaza inavyoshika: kila ukizidisha idadi ya mapigo kwa 10, nguvu inapungua kwa kama asilimia 10 ya ile nguvu ya mvuto wa kwanza. Pigo moja, 100. Mapigo elfu moja, 70. Milioni moja, 40. Boti hii inasafiri kama saa 4 kwa siku, pigo kila sekunde mbili, ni mapigo 7,200 kwa siku, kwa siku 250 za kazi ni milioni 1.8 kwa mwaka. Siyo yote makubwa, tuseme moja katika kumi ndo linafika ule mkazo wa juu, 180,000 kwa mwaka. Kwa tabaka 8 nzima uko kwenye asilimia 25 ya nguvu, kanuni inakupa mapigo zaidi ya milioni 31, hiyo ni miaka zaidi ya 170, maana yake kuchoka siyo ishu tena, kitaanza kitu kingine kabla. Kwa 6 uko kwenye asilimia 44, mapigo kama 400,000, miaka 2 na kidogo. Ufa ulionekana mwaka wa pili.

Sisemi hesabu ina usahihi wa mwezi. Kanuni ile ni ya kipande kuvunjika kwa kuvutwa, rezini tupu inapasuka mapema zaidi, na ile moja katika kumi ni makadirio yangu. Lakini angalia pengo lenyewe, miaka 170 kwa miaka 2. Hata ukikosea mapigo mara tano, hukumu haibadiliki. Hapo ndo ninapowaambia vijana wanaosoma uhandisi hapa kwamba kwenye faiba nguvu ya utabiri haiko kwenye kufukuzia desimali, iko kwenye kujua kilichomo ndani ya bamba.

Baadaye nilitengeneza modeli ya kompyuta ya kile kipande, kwa sababu nilitaka kuona ufa unapogeukia. Njia inayotumika sana kwa kazi hii ni kuweka kati ya tabaka na tabaka kama safu ya gundi ya kufikirika yenye sheria yake, inavutika mpaka kikomo, inalegea polepole, inaachia, na eneo lililo chini ya ule mchoro wa kuvutika na kuachia ndo nishati ya kufungua uso mpya. Wazo linatoka kwa Dugdale 1960 na Barenblatt 1962. Kuna na njia ya Rybicki na Kanninen ya 1977 inayopima nishati pale kwenye ncha ya ufa uliokwisha kuwepo. Kwa tabaka 8 nzima modeli ilikaa kimya, hakuna kinachoachia. Nilipoweka ule upenyo wa sentimita moja, ufa ulianza kwenye kona ya rezini, ukaingia milimita mbili, ukafika tabaka la sita, ukageuka pande zote mbili. Sawasawa na yai la chaki. Ila uone hapo: modeli ni ileile, sheria zilezile, kilichobadilisha jibu ni kile tulichokiona baada ya jiko la mkaa. Kompyuta ikipewa karatasi ya boti itakuambia boti ni nzima. Na hata wakubwa hawakubaliani, kuna zoezi la kimataifa lililoongozwa na Hinton, Kaddour na Soden, waliwapa wenye nadharia mbalimbali za kuvunjika kwa kompoziti, yaani vitu vya nyuzi na rezini kama faiba, data zilezile watabiri bila kuona majibu, matokeo yakatoka kati ya 1998 na 2004, na nadharia zilitofautiana sana kwa bamba lilelile. Kwa hiyo mwenye softwea peke yake asikutishe.

Narudi kwa tajiri na swali lake. Akauliza tena, sasa kwa njia nyingine: "Nikipunguza mzigo je? Nipakie robo tatu tu mpaka kusi iishe." Hili nililijibu kwa makini kwa sababu ni la maisha ya watu. Kwenye chuma, ongeza mzigo asilimia 10 ufa unakwenda haraka kwa kama theluthi moja zaidi. Kwenye tabaka zinazoachana uhusiano ni mkali kupita kiasi, ukichukua kipeo cha 6 kwenye nishati, yaani mwendo unaenda na nishati iliyozidishwa kwa yenyewe mara sita, ambacho si ajabu kwa kompoziti, hicho ni 12 kwenye mzigo kwa sababu nishati inaenda na mzigo mara mzigo, ongeza asilimia 10 tu mwendo unakuwa mara 3. Kweli kupunguza kunasaidia sana. Lakini hesabu hiyohiyo inageuka: siku moja akikuta samaki wengi akazidisha asilimia 20, au kusi likavuma akiwa katikati, hiyo siku moja inakula kama siku 9. Mwendo wa ufa unategemea siku mbaya, siyo siku ya kawaida, na siku mbaya ziwani huichagui. Ndo sababu watengenezaji wa ndege kwenye tabaka zinazoachana mara nyingi hawakubali kabisa kupanga maisha kwa mwendo wa ukuaji, wanataka mkazo uwe chini kiasi kwamba hazikui.

Na kulikuwa na maji. Watu wanadhani maji ya chumvi ndo adui wa faiba, kumbe kwa malengelenge, yale mavimbe yenye majimaji chini ya gelikoti, maji baridi kama ya ziwa letu ndo yanaingia haraka zaidi, kwa sababu yale majimaji yaliyonaswa ndani yana vitu vilivyoyeyuka vingi kuliko maji ya nje, na kadiri maji ya nje yalivyo masafi ndo yanavutwa ndani kwa nguvu. Hapa njia ilikuwa wazi kabisa, ufa umefunguliwa mara mbili na grainda. Tulipokata kile kipande yalitoka majimaji ya rangi ya chai yenye harufu ya siki, hiyo ni asidi kutoka kwenye poliesta inayovunjwavunjwa na maji, na kioo cha E kikiwa kinavutwa ndani ya asidi kinapoteza nguvu vibaya. Chukua upungufu wa asilimia 20 tu wa nguvu, 100 iwe 80. Mkazo wa 44 unakuwa asilimia 55, kanuni inakupa mapigo kama 32,000, ambayo kwa boti hii ni miezi miwili, na mwanzo wa hiyo miezi miwili ulishapita. Nikamwambia mzee, msimu haimalizi, na ikiachia itaachia ikiwa imejaa, mbele, kwenye wimbi. Akaniangalia, akamwambia nahodha toa mashine.

Kutengeneza kulifuata sababu. Ndani taruma lilisafishwa eneo lile, nje tukakata mpaka nje ya mstari wa chaki kwa kiganja kizima, tukagonga tena mpaka kila mahali pakalia ti. Pakaachwa pakauke chini ya kivuli kwa muda mrefu kuliko tajiri alivyopenda, maana ukifungia unyevu umefungia ugonjwa. Ukingo ulisagwa mteremko wa 12 kwa 1, kwa milimita 8 hiyo ni karibu sentimita 10 kila upande, ili mzigo uhamie kwenye tabaka mpya taratibu bila ngazi. Tulitumia epoksi, rezini ya aina nyingine, kwa sababu inashika kwenye faiba ya zamani kuliko poliesta, na kwa kuwa ni epoksi hatukutumia mati ya kawaida, gundi inayoshikilia zile nyuzi imetengenezwa iyeyuke kwenye staireni, kimiminika kilichomo kwenye rezini ya poliesta, na epoksi haina staireni, mati inabaki ngumu na hewa ndani. Tukatumia kitambaa cha nyuzi za kioo zilizoshonwa. Kila tabaka likapitiliza la chini yake, na hakuna viungo viwili kwenye mstari mmoja, vimepishana si chini ya sentimita 5. Ndani mguu wa taruma tuliurefusha na kuupunguza unene kidogo kidogo, ngazi moja kila sentimita 2 na nusu, ili usiwe na ukingo mkali wa kukunjia tumbo. Hili la mwisho mafundi wengi wanaliacha, wanaongeza tabaka nje na taruma linabaki vilevile, halafu ufa unahamia pembeni mwa kiraka.

Lakini kwangu sehemu nzito ya kisa ni iliyofuata. Tajiri ana boti ya pili, imetoka kwenye umbo lilelile mwaka uleule, na hiyo haikuwa na ufa popote, gelikoti inang'aa. Nikamwomba tuipandishe. Kama maelezo yangu ni kweli basi roli zile zile zilitandikwa kwa mpango uleule, viungo viko kila baada ya mita moja hivi, na pa kuangalia ni kila taruma la pili, mbele kuliko nyuma kwa sababu mbele ndo panapopigwa. Kabla ya kugonga nikachora mistari ya chaki nje pale ninapodhani vilipo, nahodha akishika tepu. Nyuma yote ililia vizuri. Kwenye mistari miwili ya mbele, upande wa kulia na wa kushoto, sarafu ilibadilika, du, upana wa vidole viwili mpaka vitatu, urefu kama wa shubiri, katikati ya mataruma hakuna kitu. Gelikoti juu yake nzima kabisa, hata kwa lenzi.

Hiyo ya pili haikuhitaji kukatwa mpaka ndani. Tulisaga tabaka mbili za nje tu kwenye mistari hiyo, tukakuta rezini tupu yenye nyufa ndogo ndani yake, maji hayajaingia, tukarudisha kitambaa kikipitiliza pande zote. Siku hiyohiyo nilimpa nahodha chaki na sarafu, kila boti ikipanda nchi kavu anagonga mistari ileile, anachora, anapiga picha na simu akiwa amesimama palepale, na mstari ukisogea hata upana wa kidole boti haishuki majini mpaka tuongee.